Vifenesi vyeusi vinavyodondoka: subiri kwanza kabla hujapiga dawa

Yani msimu wa maua ukianza tu natumiwa picha ileile, vifenesi vidogo vya saizi ya kidole gumba au kubwa kidogo, vimekuwa vyeusi, vimeota ukungu, vimetapakaa chini ya mti, na ujumbe unasema mfenesi wangu unaumwa, nipige dawa gani? Kazi yangu ni miti ya matunda, na mfenesi ndo mti ninaoupenda kuliko yote, kwa hiyo naomba sana, okota kimoja ukiangalie vizuri kwanza, maana mara nyingi hicho sio fenesi kabisa. Ni ua dume.

Mfenesi unabeba maua dume na maua jike kwenye mti huohuo mmoja, na yote yana umbo la kifenesi kidogo, hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Kila kimoja kwa kweli ni rundo la maua madogo madogo mengi mno yaliyobanana kwenye kiini kimoja. Dume linatoka zaidi kwenye matawi ya juu na ya pembeni, kikonyo chake chembamba, ngozi yake laini kiasi, na likikomaa ukiligusa linakupaka vumbi la njano, hiyo ndo chavua. Jike linatoka kwenye shina na matawi makubwa, kikonyo kinene, na pale kikonyo kinaposhikana na ua kuna kama pete nene ya kijani. Mimi huwa naanza na kikonyo, rangi na ukubwa vinadanganya. Na mti mchanga ukianza kutoa maua mara nyingi unatanguliza madume tu, so usishangae yote yakidondoka.

Dume likishamwaga chavua limemaliza kazi, fangasi anayeitwa Rhizopus analiingia, linavaa manyoya ya kijivu halafu meusi, linaanguka. Mti wenye afya nzuri kabisa unafanya hivyo kila msimu.

Sasa hapa ndo panaponifurahisha kila nikipaelezea. Kuna watafiti walichunguza mifenesi huko Florida, kazi yao ikatoka 2018, wakakuta vidudu vidogo kama usubi vinavutwa na harufu ya haya maua, vinataga mayai kwenye madume, na funza wao wanakula ule ule ukungu tunaouona uchafu, kisha wakubwa wakiruka wanabeba chavua kupeleka kwa majike. Yani kile kioozo ndo chumba cha kulelea vichavushaji vyako! Halafu mtu anakuja na bomba la dawa ya wadudu maua yakiwa yamechanua, anamaliza wote.

Na uchavushaji kwenye fenesi sio jambo dogo, kwa sababu kila kitonge cha njano unachokula ni ua moja lililopata chavua, na zile kamba kamba zinazojaa katikati ya vitonge ni maua yaliyokosa. Ukipata fenesi limepinda, upande mmoja umejaa na mwingine umebonyea, ukilipasua utakuta upande uliobonyea ni kamba tupu. Watu wanalaumu mbolea wakati chavua ndo haikufika.

Ila sisemi kila kinachooza ni salama. Huyohuyo Rhizopus anaweza kuhamia kwenye fenesi changa la kweli, hasa mvua ikiwa nyingi na mti ukiwa msitu ndani, hewa haipiti. Kikonyo kinene, pete ipo, halafu tunda lina doa laini la kahawia linalotanuka na kuota manyoya, hilo ni tatizo, litoe upesi ulipeleke mbali na mti. Madume meusi yaliyogusana na matunda machanga yatoe pia, yale ya pembeni yaliyo peke yake mimi nayaacha. Punguza matawi ya ndani ili mwanga uingie, hiyo inasaidia kuliko dawa nyingi nilizoona watu wakinunua. Ukiona tundu lenye vumbi vumbi la kinyesi linatoka, huyo ni funza mtoboaji, habari nyingine kabisa. Na kama majike mengi yanapukutika kwa pamoja angalia chini, mfenesi hauvumilii maji yaliyotuama, mizizi inaoza haraka mno.

Jike likishika, subira. Kuna miezi kama mitatu mpaka sita hivi kabla halijakomaa, na likikaribia vimiba vyake vinatanuka, jani la mwisho karibu na kikonyo linageuka njano, na ukiligonga sauti inakuwa nzito yenye uwazi ndani.

Kwa hiyo ukinitumia picha, tafadhali nipigie kikonyo kwa karibu, na uniambie lilikuwa limeota shinani au kwenye tawi la juu.