Mtoto anajikata kwa siri: maswali ya wazazi

Nimeona alama kwa mkono wa msichana wangu wa miaka 14, amejikata. Nianzie wapi?

Anza na mdomo wako. Najua kitu ya kwanza kutoka ni "na venye tunahangaika na karo yako!" ama kofi kabisa, lakini ukifika hapo mtoto ameshafunga, hatakuambia kitu tena, mara ingine ataficha vizuri zaidi. Shughulikia kidonda kwanza. Kama kinatoka damu bonyeza na kitambaa safi dakika kumi hivi bila kuinuainua kuchungulia, damu ikisimama osha na maji safi. Kama ni kirefu, kimeachana, ama damu imekataa kusimama, hiyo ni hospitali, na uulizie pia sindano ya pepopunda.

Halafu mkae nyinyi wawili. Si mbele ya ndugu zake, si mbele ya shangazi amekuja kutembea. Sema tu "nimeona mkono wako, sijakukasirikia, nataka kujua venye umekuwa ukijiskia." Kisha unyamaze. Hapo pa kunyamaza ndo wazazi wengi tunaanguka, tunajaza na mahubiri na stori za venye sisi tulienda shule bila viatu.

Usimwapishe kwamba hatarudia. Akirudia atakuwa na mambo mbili za kuficha, kidonda na kiapo.

Lakini si anatafuta tu kuonekana?

Mtu wa kutafuta kuonekana hakai na sweta ya shule saa nane mchana Kisumu, jua la Februari, wenzake wote wanajipepea na madaftari. Wengi wanaficha: mikono mirefu kila siku, kukataa kubadilisha nguo za michezo mbele ya wenzake, kujifungia bafu, tishu zenye damu kwa takataka, wembe zinapotea nyumbani na hakuna mtu anajua.

Wakiulizwa pole pole, wengi wanaeleza kitu inafanana. Kuna hasira ama aibu ama huzuni inapanda mpaka hawaiwezi, wengine wanasema ni kama mwili umekufa ganzi hawaskii chochote, sasa uchungu wa mwili unawatuliza kidogo. Kidogo tu, halafu ile kitu inarudi, tena na aibu juu yake, ndo maana anarudia. Nyuma yake mara nyingi kuna jambo: kuonewa bodingi, matokeo, wazazi kupigana, msiba haukuongelewa, mtu mzima amemshika vibaya. Hiyo ya mwisho usikimbie kuikataa eti kwa sababu ni mjomba.

Wavulana pia wako. Yule wa kugonga ukuta mpaka vidole vinafura, tunasema ni ujana.

Na hata kama anataka kuonekana, si basi umwone?

Ina maana anataka kufa?

Si lazima. Wengi hawataki kufa, wanataka ile kitu ndani ipungue. Lakini usijitulize sana, mtoto mwenye amewahi kujiumiza ako kwa hatari kubwa ya kujiua baadaye kuliko mwenye hajawahi. Kwa hivyo muulize waziwazi, "umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi hilo wazo, wengi wanapumua tu kwamba mtu ameuliza.

Akisema ndio, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na hata akisema la, zunguka nyumba: dawa za presha za nyanya, dawa ya ng'ombe, ile sumu ya kunyunyizia mboga yenye inakaa chini ya kitanda, zote ziende kwa sanduku lenye kufuli ama kwa jirani. Wimbi la kutaka kufa mara nyingi linapanda na kushuka, na ile dakika anatafuta ufunguo inaweza kumwokoa.

Ukishuku amemeza kitu, usimtapishe, usimpe maziwa, beba chupa ama pakiti mwende mara moja. Hata akionekana yuko sawa, kuna dawa zinaanza kuonyesha madhara baada ya siku moja ama mbili.

Nikimpeleka hospitali si polisi wataitwa?

Hii hofu imefanya watu wengi wakae nyumbani. Kweli, kujaribu kujiua ilikuwa kosa, kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, lakini tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Mpeleke. Hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu (wengi bado tunaiita Russia) ama hospitali ya rufaa ya Nakuru, ulizia afya ya akili. Ukiwa mbali anzia kituo cha karibu, uombe barua ya rufaa.

Kwa simu, 116 ni ya watoto, na 1199 ni ya Msalaba Mwekundu, zote bure, na mzazi pia anaweza kupiga. Befrienders Kenya, wenye wanasikiliza watu wanaofikiria kujiua, ni 0722 178 177.

Mchungaji anasema ni pepo, tumfungishe kula siku tatu.

Ombeni, sina shida na hiyo, kuna watoto kanisa ndo inawashikilia. Lakini kumnyima chakula mtoto ako chini hivyo, ama kumsimamisha mbele ya watu atubu, ni kumuongezea aibu yenye tayari inamkata. Maombi jioni, kliniki asubuhi.

Nimnyang'anye simu?

Kama kuna mtu anamtesa huko ndani, ishughulikieni pamoja. Kuichukua kama adhabu hapana, pengine rafiki mmoja anaongea naye yuko hapo.

Alikuwa amewacha miezi kadhaa, sasa amerudia.

Inatokea sana, na haimaanishi kaunsela hakufanya kazi. Safisha kidonda, muulize tena lile swali la kufa, halafu mrudi nyuma mkiangalia wiki hiyo kulikuwa na nini: shule ilikuwa inafunguliwa? mlikosana? Mpigie kaunsela umwambie kabla ya miadi, usingoje tarehe. Na kama ulikuwa umeanza kuwacha dawa za nyanya kwa meza tena, rudisha kwa sanduku leo.