Vidakuzi: tazama mwenye kukiweka na muda wake

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, na swali ninaloulizwa zaidi linahusu lile tangazo linaloziba nusu ya skrini: "Tunatumia vidakuzi (cookies)." Wengi hubofya Kubali ili liwaondokee, wasome walichokijia. Siwalaumu. Shida ni kwamba wengi wanakiogopa kidakuzi chenyewe, ilhali cha kuangalia ni nani amekiweka na kitakaa muda gani.

Seva, yaani kompyuta inayokutumia kurasa za tovuti, yenyewe haitambui kwamba ni wewe uliyerudi. Ukifungua ukurasa mmoja kisha wa pili, kwake wewe ni mgeni mara zote mbili. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, alipata dawa: seva inakipa kivinjari, yaani programu unayofungulia tovuti, maandishi mafupi, na kivinjari kinayaonyesha tena kila kinaporudi kwenye tovuti ile. Hicho ndicho kidakuzi. Si programu, hakisomi mafaili yako wala hakiwashi kamera.

Ukitaka kukiona, tumia kompyuta, bonyeza F12 kwenye Chrome au Firefox, kisha tafuta sehemu inayoorodhesha vidakuzi. Utakuta jedwali lenye jina, thamani, kikoa (anwani ya tovuti iliyokiweka) na tarehe ya kuisha. Thamani mara nyingi ni msururu wa herufi na tarakimu usioeleweka. Uache. Jina lako na namba yako ya simu kwa kawaida havimo humo. Viko kwenye hifadhidata ya mwenye tovuti, na msururu ule unamwambia tu afungue faili lipi. Wewe soma kikoa na tarehe. Kikoa kikiwa cha tovuti uliyoifungua na kidakuzi kinakufa ukifunga kivinjari, huenda ndicho kinachokumbuka kwamba umeshaingia kwenye akaunti. Kikiwa cha kampuni usiyoifahamu, na tarehe ni ya mwakani, hapo uliza.

Kampuni hiyo imefikaje? Ukurasa mmoja huita vitu kutoka kwingine: video, kitufe cha kushiriki, msimbo wa takwimu za wageni wa tovuti, tangazo. Kila kinachoitwa kinaweza kuja na kidakuzi chake. Kampuni moja ya matangazo ikiwa imo kwenye tovuti ya habari na pia kwenye tovuti ya afya, inaweza kutambua kuwa aliyesoma michezo asubuhi ndiye aliyetafuta dalili za kisukari usiku, hata kama jina lake hailijui. Safari, kivinjari cha Apple, ilivifungia mlango vidakuzi hivi vya watu wa nje mwaka 2020. Firefox, kuanzia 2022, inavitenga ili kila tovuti iwe na vyake peke yake. Google nayo iliahidi mwaka 2020 kwamba Chrome ingeviondoa, kisha 2024 ikaghairi. Kampuni inayoishi kwa matangazo, ungetarajia nini?

Sheria zilizovuma zaidi ni za Ulaya. Oktoba 2019 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema kisanduku kilichokwisha kuwekewa alama ya tiki si ridhaa. Januari 2022 mamlaka ya faragha ya Ufaransa, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa kuwa kukubali kulikuwa mbofyo mmoja na kukataa kulihitaji mibofyo kadhaa. Nikikuta "Kubali vyote" kinang'aa na kukataa kumefichwa nyuma ya "Mipangilio", huwa naingia hukohuko kwenye mipangilio.

Mteja akiniagiza tangazo la vidakuzi, kwanza namuuliza kama analihitaji. Kwa sheria hizo za Ulaya, vidakuzi vya lazima, kama vya kuingia kwenye akaunti au kutunza kikapu cha manunuzi, haviombewi ridhaa. Inatosha kuvieleza kwenye sera ya faragha. Wengine hushangaa, kisha hukubali kuondoa msimbo wa takwimu ambao hakuna aliyewahi kuusoma.

Kuna jambo moja ambalo tangazo lile halikwambii. Hata usipokubali kidakuzi chochote, seva nyingi huandika anwani yako ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti), saa uliyoingia, ukurasa uliofungua na aina ya kivinjari. Ukifuta vidakuzi kwenye simu, kumbukumbu hizo hazifutiki, wala faili lako kwenye hifadhidata. Hayo mwandikie mwenye tovuti, umtake akuonyeshe alichonacho au akifute. Chini ya GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi inayotumika tangu Mei 2018, kwa kawaida ana mwezi mmoja wa kukujibu.