"Masomo imeanguka, nimutoshe mutoto?" Mambo nimechoka kusikia kwa wazazi

Wiki hii ni mzazi wa tatu. Mama mmoja wa Katuba kasimama mlangoni kwangu, kiti hataki, kashika simu yenye picha ya karatasi ya matokeo: "Mwalimu, masomo imeanguka, 38 tu, nimutoshe mutoto leo ao ningoje Noeli?" Masomo kwetu ni shule. Mi nafanya repetisio (kufundisha watoto pembeni) ya hesabu hapa Lubumbashi, zamani nilifundisha umanite (sekondari ya juu) miaka mingi, na swali hili nimelijibu mpaka mdomo umekauka, sasa naliandika mara moja niwe natuma hii.

"Shule yenye 100 njo muzuri, yenye 38 ni mubaya"

Hapa njo nakasirikaka. Kwanza hiyo 38 ni ya nini? Wengi wanafikiri shule ilipata pointi 38. Hapana mama. Kwenye palmaresi (liste ya matokeo) ya Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, wanaandika shule kwa kila opsio (mchepuo): waliofanya ni wangapi, waliopita wangapi, halafu majina na pointi za kila mtu, na kupita ni kuanzia 50. Kwa hiyo 38 ni hesabu ya watu: waliopita kwa kila mia waliofanya, opsio zote pamoja. Mtoto wa huyu mama anasoma Pedagojia. Nikamwambia shusha ile picha na kidole, bado, bado, soma hapo. Pedagojia: walifanya 21, walipita 17. Komersiali: walifanya 58, walipita 13. Yaani opsio ya mtoto wake iko kwenye 80 na kitu kwa mia, Komersiali njo iliyovuta shule yote chini, na mama alikuwa tayari kupoteza minervali (pesa ya shule) aliyokwisha kulipa juu ya watoto ambao hawakai hata darasa moja na wake.

Na hiyo 100 nayo, 100 ya nani? Shule ikiwa na finalisti (wanafunzi wa mwaka wa mwisho) 9 na wote 9 wakapita, wanatundika kalikoti (kitambaa cha matangazo) barabarani, 100 kwa herufi nyekundu, wazazi wanakimbia. Hakuna anayeuliza waliingia wangapi kwenye mwaka wa kwanza wa umanite. Kama waliingia 45 na wakafika 9, wale 36 wako wapi? Wengine minervali iliwashinda, sawa, lakini wengine waliitwa mwisho wa mwaka wa tatu wakaambiwa polepole tu "tafuta masomo ingine", ili wasiharibu kalikoti. Sasa wewe una mtoto wa 52, unampeleka pale, unadhani chujio litamwacha yeye? Nenda kwa prefe (mkuu wa shule) uulize hizo namba mbili, walioingia na waliofika. Prefe akianza kuzungukazunguka, jibu umepata.

Sasa kitu ambacho nakisemaka mpaka watu wananicheka: chukua kaye (daftari), hesabu tarehe. Si bulteni (karatasi ya pointi), bulteni inakuja imechelewa na mwalimu mwingine anaweka pointi za huruma. Kaye. Yule mama alirudi jioni na kaye za binti yake wa mwaka wa tatu, tukazifungua kwenye meza chini ya taa ya sola kwa sababu umeme ulikuwa umeenda. Kaye ya Kifaransa imejaa, kila wiki tarehe mbili ao tatu, kalamu nyekundu ya mwalimu inapita mpaka kwenye aksan. Kaye ya hesabu: tarehe 7 oktoba, tarehe 14 oktoba, halafu 18 novemba. Katikati kuna ua limechorwa kwa biki. Baada ya hapo kichwa cha somo kimepigwa mistari miwili kwa rula, mazoezi mawili, hakuna aliyeyasahihisha.

Mama akanyamaza. Mi sisemi shule ile ni nzuri, si nzuri, choo kimoja kwa wasichana wote na maktaba ni kabati lililofungwa. Lakini sasa anajua ugonjwa uko wapi: kozi moja, mwalimu mmoja, wiki tano. Alienda na hiyo kaye kwa prefe, akaiweka mezani wazi, ikajulikana mwalimu aliumwa na hakuna aliyewekwa nafasi yake. Prefe hakufurahi. Wiki iliyofuata mwalimu wa darasa lingine alianza kuingia kwa saa zile. Angeenda na maneno ya "shule yenu imeanguka" angejibiwa kwa adabu na kurudishwa nyumbani.

Kuhama kuna wakati wake, sikatai. Kama kaye zote ziko kama ile ya hesabu, hama, lakini mwisho wa mwaka, na si kuingia mwaka wa nne. Finalisti wanaandikwa mapema kwenye liste ya shule yao, na mtoto anayeingia katikati anakuta kozi zimepangwa kivingine, anarudia alichojua na anaruka asichojua.

Mengine nayapita haraka.

"Diploma ya shule mbaya haina uzito." Diploma inatoka kwa Leta, yaani serikali, mtihani ni mmoja kwa nchi nzima tangu 1967. Wewe omba kuona arete ya agreman (karatasi ya Leta ya kukubali shule) ya shule, na uhakikishe finalisti wake hawaandikishwi kwa jina la shule ingine. Enspekta akisema shule haistahili kuendelea, hapo sawa, anza kutafuta.

"Mi sijui Kifaransa, nitamusaidia namna gani?" Vizuri kabisa! Sekondari yote ni Kifaransa, mtoto anakariri kama kasuku. Baada ya kula bukari (ugali) mwambie akueleze somo la leo kwa Kiswahili. Akigugumia, hajaelewa, hata kama aliandika ukurasa mzima. Mzazi anayejua Kifaransa anadanganyika kirahisi kuliko wewe.

"Nitamutafutia repetitere mwezi wa tano." Mi naishi kwa hiyo pesa na bado nakuambia hapana. Mtihani ni siku nne, kultire jenerali (maarifa ya jumla), siansi, lugha na opsio, na disertasio (insha) imeshapita kabla yake. Mwezi wa tano nitamfundisha kukisia tu. Niletee mwezi wa kumi, saa mbili kwa wiki, inatosha.

"Ukilalamika watamuchukia mutoto." Basi usiende peke yako. Komite ya wazazi iko kwa sheria, na wazazi watano wenye kaye tano zenye tarehe zile zile, nani atamchukia mtoto gani?

"Kuko mutu wa kupanga pointi." Kila mwaka! Majibu yanasomwa na mashine, maswali yako kwa seri tofauti, jirani wa kulia na wa kushoto hawana karatasi moja, na yule "mutu" ukimpigia simu siku ya matokeo haipatikani. Mwaka jana baba mmoja alimpa dola, mtoto akaanguka, na baba njo alikuja kwangu kuomba repetisio kwa mkopo.