Boti ya Saruji Huanza Kuoza kwa Ndani

Kila msimu wa ukaguzi wa vyombo vidogo, hakosi mtu wa kutuletea picha ya boti nyeupe pe, rangi bado inanukia, akiomba cheti. Rangi hatuikagui. Kama boti ni ya ferosimenti, yaani lipu ya saruji iliyotiwa kwenye nondo na wavu wa waya, na umeijenga mwenyewe, tuletee picha za nondo na wavu zilizopigwa kabla ya lipu.

Kwa wanaouliza kama boti ya saruji haitazama: meli za chuma zinaelea, na chuma ni kizito kuliko saruji. Swali hili tumelijibu vya kutosha. Mfaransa Joseph-Louis Lambot alijenga mashua ya namna hii mwaka 1848, akaionyesha Paris mwaka 1855. Miaka ya 1960 na 1970, watu wa kawaida huko New Zealand, Uingereza na Kanada walizijenga nyuani mwao. Baadhi zilivuka bahari kuu. Nyingine hazikuwahi kutoka uani.

Saruji ilikuwa ileile, mikono ndiyo iliyotofautiana. Ubavu wa boti hiyo una unene wa sentimita 2 au 3 tu, na lipu inayofunika waya wa nje ni milimita chache. Lipu ikijaa sawasawa kwenye wavu, saruji huulinda waya usishike kutu. Yakibaki mapovu, maji ya chumvi huingia, waya hushika kutu, kutu huvimba na kuipasua lipu kutokea ndani, nawe huku nje unasifia rangi. Ndiyo maana lipu hutiwa kwa mkupuo mmoja na mafundi wengi, mmoja akisukuma upande wake mpaka mwenzake aione ikitokeza upande wa pili. Baada ya hapo boti hufunikwa na kunyunyiziwa maji kwa wiki nne. Wanaoianika juani "ikauke haraka" wanaiua. Mafundi wa matangi ya maji ya mvua mnaijua kazi hii kuliko wengi, ila tangi halibamizwi mwambani maji yakipwa.

Utaratibu wa ofisi yetu ni huu. Maombi huletwa kabla ya lipu, si baada. Mkaguzi huja kwanza kuona wavu, kisha boti ikiwa imekomaa, halafu ikiwa majini na vifaa vyake vya uokoaji. Katika ziara ya pili boti iwe nchi kavu, ngama, yaani sakafuni kabisa yanapokusanyika maji, ikaushwe, na mbao za sakafu ziondolewe zote. Zote, si zile za karibu na mlango. Mkaguzi atagonga ubavu kwa nyundo ndogo, shubiri kwa shubiri. Panapolia kama chungu kizima panapita. Panapolia kama chungu chenye ufa panatiwa chaki, na penye chaki hutobolewa. Mwenye boti akikataa, ukaguzi husimama, fomu hurudishwa, na maombi huanza upya pamoja na ada. Boti itakayokutwa baharini bila cheti itazuiwa, na gharama za kuzuiwa ni za mwenyewe.

Kwa mnaonunua zilizotumika: angalieni madoa ya kahawia yanayochuruzika, hasa kwenye boliti na ndani ya ngama. Tundu la mwamba lisiwatishe. Hukatwa, waya ukanyooshwa, lipu mpya ikatiwa. Kutu iliyoenea haina kiraka. Bei ikiwa rahisi mno, mwombeni muuzaji picha za wavu. Akisema zilipotea, msije kuzitafuta kwetu.