Bustani ya kiangazi Lubumbashi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Lubumbashi mvua hukatika Aprili, na hairudi sawasawa mpaka karibu Novemba. Mwenye kisima na kiwanja kidogo anaweza kula mboga zake miezi yote hiyo, mradi asifuate kila anachoambiwa na majirani.

«Matuta yainuliwe, ndivyo bustani ilivyo.»
Hivyo ndivyo bustani ya masika. Tuta la juu hutoa maji ya ziada, na kiangazi hakuna ya ziada: pande zake hukauka kwanza, kisha maji unayomwaga yanateremka njiani. Kuanzia Mei fanyeni kinyume. Chimbeni kitalu cha upana wa mita 1.2, kina cha sentimita 10 hadi 15 chini ya njia, mkiweka udongo wa juu kando. Lainisheni sakafu kwa jembe, rudisheni ule udongo kiasi ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza, kilo 2 au 3 kwa kila mita ya mraba, na unaobaki ujenge kingo. Mvua ya kwanza ikinyesha, kitalu hicho kisawazishwe haraka, la sivyo mizizi itaoza.

«Nyunyiza kidogo kila jioni, inatosha.»
Majani yanang'aa, mtu anaridhika. Chomeka kidole: sentimita 3 chini ni vumbi. Mizizi hufuata maji, kwa hiyo hubaki juu, na siku moja ukikosa kumwagilia kitalu kizima kinalegea. Mboga iliyokwisha kushika inataka lita 5 hivi kwa mita ya mraba kwa siku, na zaidi Septemba na Oktoba. Ni bora kumwaga lita 10 kila baada ya siku moja, polepole, zizame mpaka sentimita 15 au 20. Kitalu cha mita 1.2 kwa 5 kinameza bidoni 3 za lita 20 kila zamu. Miche michanga peke yake ndiyo inayohitaji kidogo kidogo kila siku. Tandazeni nyasi kavu unene wa sentimita 5, zisiguse shina. Mchwa watakuja, huku ndiko kwao, ongezeni nyasi.

«Jua ni jingi, panda nyanya wakati wowote.»
Tatizo ni usiku. Mji uko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi ya usiku mara nyingi inashuka chini ya nyuzi 10. Maua ya nyanya yanadondoka bila kufunga tunda. Lengalenga, yaani mchicha, nayo inadumaa. Miezi hiyo ni ya kabichi, karoti na vitunguu. Mbegu za nyanya zimwagwe mwanzoni mwa Julai mahali palipokingwa, miche ihamishwe Agosti.

«Nyanya yenye kitako cheusi ina ugonjwa, nunua dawa.»
Hakuna dawa ya kupuliza itakayoiponya. Kalisi (kalsiamu), madini yanayoimarisha tunda, haifiki kwenye ncha yake kwa sababu maji yanakuja kwa kushtukiza: leo mafuriko, kisha siku nne za ukame. Ondoa matunda yaliyoharibika, sawazisha umwagiliaji. Yanayofuata yatatoka mazima.

«Majivu hayazidi.»
Yanazidi. Udongo wetu mwekundu una asidi, kwa hiyo konzi mbili kwa mita ya mraba kwa mwaka zinausaidia. Zaidi ya hapo chuma na zinki hufungwa udongoni mmea usivipate, majani machanga yanageuka njano. Wala usiyachanganye na samadi mbichi: nitrojeni nyingi inapaa hewani, harufu yenyewe inakuambia.

«Osha vizuri, sumu ya madini inatoka.»
Hapa hatupendi kulainisha maneno. Tanuru la shaba la mji huu liliwashwa 1911, na pepo za kusini-mashariki zilipeleka moshi wake kaskazini-magharibi kwa miongo mingi. Kuosha mara tatu kunaondoa vumbi lililotua juu ya jani, nalo kiangazi ni jingi, hasa kando ya barabara za malori ya madini. Shaba, kobalti au risasi iliyopanda kupitia mizizi haitoki, hata ukichemsha. Mboji nyingi na chokaa hupunguza kiasi kinachonyonywa, ila haviondoi yote. Karibu na jalala la madini msipande mboga za majani ardhini kabisa: jazeni magunia udongo wa kutoka mbali, myaweke juu ya turubai, na lengalenga iote humo.