Je, Wajua Kwa Nini Mashabiki Huanza Kulicheza Gemu Kabla Halijatoka?

Juni 11, 2019, wakati wa maonyesho ya gemu ya E3 kule Marekani, Nintendo, watengenezaji wa gemu wa Japani, walirusha kionjo cha dakika moja na ushee. Shujaa Link na binti mfalme Zelda wanashuka pangoni chini ya kasri, mwenge ukiwaka. Ukutani kuna michoro ya kale. Mbele yao kuna maiti iliyokauka, imegandamizwa kifuani na mkono wa kijani unaong'aa, mkono usio na mwenyewe. Maiti inashtuka, macho yanawaka, na huko juu kasri linanyanyuka kutoka ardhini. Kisha maandishi: mwendelezo wa gemu la The Legend of Zelda: Breath of the Wild unatengenezwa. Hakuna jina wala tarehe.

Gemu lenyewe, Tears of the Kingdom, lilitoka Mei 12, 2023. Kuanzia kionjo kile hadi siku hiyo ni karibu miaka minne, na kwa muda wote huo watu hawakukaa tu kusubiri. Waliisimamisha video picha kwa picha. Waliikuza michoro ya ukutani hadi ikapoteza sura. Wengine waliigeuza sauti icheze kinyumenyume, wakitafuta ujumbe ndani ya muziki. Zelda alionekana amekata nywele, na hilo peke yake likazaa hoja ndefu: amekatwa nywele ili awe rahisi kuendeshwa na mchezaji, kwa hiyo safari hii tutacheza na yeye. Mimi sikuwa hata na Switch, mashine ya Nintendo ya kuchezea gemu hilo, wakati ule, na bado nilikiangalia kionjo kile kwenye simu mara nyingi kuliko filamu yoyote niliyowahi kuipenda.

Kwa nini mtu mzima mwenye shughuli zake hutumia saa nzima kuchungulia mkono wa kijani?

Jibu la kwanza tunalo nyumbani. Anayetega kitendawili husema "Kitendawili!" na wenzake hujibu "Tega!" Kuanzia hapo hakuna anayetulia. Kila mmoja anarusha jibu, mengine ya maana na mengine ya ajabu, hadi wakishindwa ndipo mtegaji anadai mji, anapewa, anaula, kisha anatoa jibu. Utamu wote uko kabla ya mji kuliwa. Jibu likishatoka watu wanasema "aaa!", na papo hapo wanataka kingine. Kionjo cha gemu ni kitendawili kilichotegwa kwa ulimwengu mzima, na mtegaji mwenyewe yuko tayari kukaa miaka minne bila kudai mji.

Wanasaikolojia wameligusa jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1994 George Loewenstein alieleza kwamba udadisi huzaliwa pale mtu anapoliona pengo kati ya anachokijua na anachotaka kukijua. Asiyejua lolote halioni pengo. Anayejua yote hana pengo. Mwaka 2009 watafiti wa chuo cha Caltech, Marekani, waliwapa watu maswali ya chemshabongo huku wakipima shughuli za ubongo wao, na udadisi ulikuwa mkali zaidi kwa yule aliyekuwa na jibu mdomoni lakini hana hakika nalo. Hapo katikati ndipo kionjo kizuri kinapomweka shabiki. Aliyecheza Breath of the Wild alilijua kasri, alimjua Link, alijua kwamba pana uovu uliofungiwa. Mkono ule hakuujua. Ungemwonyesha mtu asiyewahi kumsikia Zelda angesema ni picha nzuri, akaendelea na mambo yake.

Hata hivyo, udadisi wa aina hii upo kwa filamu na kwa riwaya pia. Gemu la matukio lina kitu cha ziada, na hapa ndipo ninapoliona jibu lenyewe. Shabiki wa filamu hukisia nini kitatokea. Shabiki wa gemu hukisia pia mikono yake itafanya nini. Breath of the Wild, lililotoka Machi 3, 2017, lilikuwa limewafundisha mamilioni ya watu tabia moja: ukiona mlima, jiulize utaupandaje, ukiona kamba, jiulize ikiungua kitaanguka nini. Hakuna mshale wa kukuelekeza. Unatazama, unahisi, unajaribu. Kwa hiyo walipopewa video fupi badala ya ulimwengu mzima, waliichunguza kwa tabia ileile. Walikuwa wanacheza, ila uwanja wao ulikuwa video tu.

Tazama trela ya pili, ya Juni 2021. Link anaanguka kutoka mawinguni, visiwa vinaelea angani, mkono wake wa kulia umebadilika. Halafu kuna sekunde chache ambazo nadhani ndizo zilizotazamwa kuliko zote. Tone la maji linatoka chini linapanda juu. Mpira mkubwa wa miiba unaobingirika mteremkoni unasimama, kisha unarudi ulikotoka. Na Link anapenya kwenye dari ya jiwe, jiwe likilegea kama maji, akielekea juu kama mpiga mbizi anayefuata hewa.

Watu walizikamata sekunde hizo wakaanza kuzipima. Tone na mpira vikatiwa kapu moja: muda unarudi nyuma. Wakauliza, je, ni muda wote unaorudi au ni wa kitu kimoja tu? Wakatazama tena: nyasi pembeni ya mpira zinakwendaje? Kuna waliosema yule anayeanguka angani, nywele zikipepea na nguo si zile tulizozizoea, si Link wetu kabisa, ni shujaa wa enzi za kale, na gemu litatupeleka huko na huku. Hoja ilikuwa na mantiki yake, maana trela ilikuwa makini kutomwonyesha uso. Ikaja kuwa si kweli: alikuwa Link yuleyule. Lakini hoja ya kitu kimoja kurudishwa nyuma ilikuwa sahihi kabisa, na mwaka 2023 ikawa moja ya nguvu kuu nne za mchezaji.

Ile ya kupenya dari ina hadithi nzuri zaidi. Kila mtu aliiona, wengi wakaitafutia maana katika simulizi: labda ni uchawi wa mkono, labda ni wa kabila fulani. Baada ya gemu kutoka, mtayarishaji Eiji Aonuma na mwongozaji Hidemaro Fujibayashi walieleza kwamba nguvu hiyo ilianza kama njia ya mkato ya watengenezaji wenyewe. Walikuwa wakiingia mapangoni kukagua kazi, na badala ya kurudi kwa miguu njia yote, walijiwekea uwezo wa kutokea juu moja kwa moja. Wakaona, mbona hii ni raha, wampe na mchezaji. Hakuna mchoro wa ukutani ambao ungekwambia hivyo.

Penye ushindi wa mashabiki, kwangu hakuna unaoupita ule wa Zonai. Katika Breath of the Wild kuna magofu msituni yanayosemekana ni ya kabila la kale lililotoweka, na gemu halisemi zaidi ya hapo. Mashabiki walishika uzi kwenye jina. Kijapani "nazo" ni fumbo. Ligeuze, silabi ya mwisho itangulie, unapata "zona", na kabila hilo kwa Kijapani huitwa Zonau. Aliyekulia pwani anaijua mbinu hii: ni kinyume, ule mchezo wa watoto ambamo samaki anakuwa "kisama" na mbuzi anakuwa "zimbu", ili wakubwa wasielewe. Kabila lililoitwa Fumbo kwa kinyume haliwezi kuwekwa msituni bure, wakasema, na michirizi ya mkono wa kijani inafanana na nakshi za magofu yale. Walishikilia hoja hiyo kwa miaka. Mei 2023 ikaonekana kwamba mkono ni wa Mzonai, na kabila hilo ndilo kiini cha simulizi nzima.

Nintendo nao walijua wanachezewa, wakacheza. Juni 2021 wawakilishi wao walisema jina la gemu linafichwa kwa sababu jina lenyewe lingetoa fununu. Unaweza kufikiria kilichofuata. Machi 2022 Aonuma alijitokeza kuomba radhi kwamba gemu limesogezwa hadi majira ya kuchipua ya 2023, na katika video hiyohiyo akaachia picha ya upanga mtukufu ukiwa umeliwa, umebaki kipande. Watu waliopaswa kununa wakawa na kazi mpya. Septemba 2022 jina likatoka: Tears of the Kingdom. Ubishi ukahamia kwenye matamshi, kwa sababu neno hilo la Kiingereza huandikwa vilevile likiwa machozi au likiwa mipasuko. Ardhi imepasuka, kasri limeng'oka, kwa nini isiwe mipasuko ya ufalme? Nintendo wakathibitisha kuwa ni machozi. Sisi wa Kiswahili hatukupata taabu hiyo, chozi letu ni chozi na mpasuko ni mpasuko, ingawa nakiri walituzidi raha ya kubishana.

Machi 28, 2023, Aonuma aliishika Switch mwenyewe akacheza kwa takriban dakika kumi. Aliunganisha jiwe na fimbo ikawa nyundo. Aligandisha magogo, akaweka feni nyuma, akapata chombo cha kuvukia maji. Alipanda juu ya bamba la jiwe lililodondoka kutoka angani, akalirudisha muda, likapaa naye hadi mawinguni. Hapo ubashiri ulibadilika. Watu waliacha kuuliza nini kitatokea, wakaanza kuuliza "mimi nitaunda nini?" Walichora magari, madaraja na ndege za gemu ambalo bado hawakuwa nalo.

Raha hii ina mizizi mwilini. Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz na wenzake walichunguza kima waliozoeshwa kuona ishara kisha kupewa juisi. Mwanzoni seli za dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na tuzo, ziliamka juisi ilipofika. Wanyama walipoizoea ishara, seli ziliamka kwa ishara yenyewe, juisi ikiwa bado. Juisi isipofika kwa wakati wake, zilififia. Sipendi kumfananisha mtu na kima wa maabara moja kwa moja, lakini mwelekeo huu tunao. Utafiti wa Uholanzi wa 2010, uliowahusisha watu wazima 1,530, ulikuta wanaokwenda likizo wanakuwa na furaha kuliko wengine kabla ya safari, ilhali baada ya kurudi wengi wao hawana tofauti na waliobaki nyumbani.

Kule kufifia ndiko kunakoumiza. No Man's Sky la 2016 na Cyberpunk 2077 la Desemba 2020 yote yalitoka yakiwa chini ya kile ambacho watu walikuwa wameshakijenga vichwani, na la pili liliondolewa dukani kwa PlayStation siku chache tu baada ya kutoka. Nadhani lawama kubwa hapo si ya shabiki anayekisia. Kukisia ni haki yake. Kosa ni la anayeona watu wanakisia kitu ambacho anajua hakipo, akanyamaza kwa sababu oda zinaingia. Tofauti yake ni timu ndogo ya Team Cherry ya Australia: walitangaza gemu la Hollow Knight: Silksong Februari 2019, wakakaa kimya kwa muda mrefu sana, kisha Septemba 4, 2025 wakaliachia wiki mbili tu baada ya kutaja tarehe. Maduka ya mtandaoni yalielemewa siku hiyo.

Kuna jambo moja lililonigusa zaidi katika subira ya Tears of the Kingdom. Gemu lilivuja mtandaoni zaidi ya wiki moja kabla ya siku yake. Ungetarajia watu waliochimba kwa miaka minne walikimbilie. Wengi walifanya kinyume: walizima arifa, wakafunga akaunti zao kwa muda, wakaombana wasiambiane. Aliyewahi kutega vitendawili anaelewa. Kufumbua ni jambo moja, kudokezewa jibu na mpita njia ni jingine.

Na walifanya vyema kusubiri, maana Nintendo walikuwa wamebakiza kitu. Baada ya kionjo kile cha pangoni, trela zilionyesha zaidi anga. Chini ya ardhi karibu hawakukugusa, na huko chini mlikuwa na nchi nyingine nzima, yenye giza, inayokaribia ukubwa wa ile ya juu. Ndani ya siku tatu nakala zaidi ya milioni 10 zilikuwa zimeuzwa, na watu walikuwa wakiruka mashimoni mmoja mmoja, kila mtu peke yake, bila kujua.

Mimi niliruka kwenye Switch ya kuazima, usiku. Nilianguka muda mrefu nisione kitu, sauti ya upepo tu. Nikafika, nikarusha mbegu ya mwanga, nikatembea hadi kwenye mzizi mkubwa wa kwanza, ukawaka na jina likajiandika: Nisoij. Nikafungua ramani. Mahali palepale, huko juu, palikuwa na hekalu nililolipita siku ile. Jina lake ni Jiosin. Nilizisoma herufi za chini tena, polepole, nikianzia mwisho.