Mrundikano wa madini katika maji ya mzunguko: maana yake kiwandani

Kiwanda cha rojo la karatasi kinaporudisha maji ya kuoshea kwenye mashine, maji hupotea kwa mvuke lakini kalsiamu, bariamu na kloridi hubaki. Mzigo huongezeka hadi kinachotoka kilingane na kinachoingia. Hali hiyo ndiyo mrundikano wa madini.

Tuseme malighafi inaleta kilo 2 za kalsiamu kwa kila tani ya rojo, na yote hutoka na majitaka. Ukimwaga mita za ujazo 20 kwa tani, maji yatatulia kwenye miligramu 100 kwa lita. Ukibana hadi mita 5, yatafika 400. Maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa chokaa, kama ule wa Amboni, huongeza yake juu ya hiyo.

Kwa anayefikiria rojo la mkonge hapa Tanga, jambo la kwanza ni jani lenyewe: lina fuwele za kalsiamu oksalati. Osha singa vizuri zikitoka korona (mashine ya kuchambua majani ya mkonge), kabla hazijaingia kwenye mtungi wa kupikia. Kalsiamu iliyooshwa hapo haitakusumbua mbele.

Tatizo kubwa huzuka kwenye upaukishaji, yaani kuzifanya nyuzi ziwe nyeupe. Katika hatua ya asidi, pH 2 hadi 3, kalsiamu hung'oka kwenye nyuzi na kuyeyuka. Maji hayo yakikutana na maji ya hatua ya alkali, kalsiamu huganda kuwa magamba kwenye mabomba na nyavu. Kalsiamu kaboneti hupenda pia penye joto, kwa hiyo vipasha joto huziba mapema.

Kabla ya kusafisha, tambua gamba. Dondoshea kipande asidi ya hidrokloriki iliyochanganywa na maji. Kikitoa povu, ni kaboneti. Kikiyeyuka bila povu, yaelekea ni oksalati. Kisipoyeyuka kabisa, shuku bariamu salfeti. Hiyo hukwanguliwa au hupigwa maji ya shinikizo kubwa. Usitumie asidi ya salfuriki kwenye gamba la kalsiamu, maana itatengeneza jasi, gamba jingine. Na bomba lililopitisha maji meusi ya kupikia lisuuzwe kabisa kwanza: asidi ikikuta salfidi hutoa gesi inayoua.

Kusafisha huku kutajirudia kama madini hayana mlango wa kutokea. Mlango ufungue kwenye maji ya hatua ya asidi, kwa kuwa humo kalsiamu imeyeyuka. Yatoe kidogokidogo mfululizo, yapelekwe kwenye mtambo wa kutibu majitaka.